Jinsi Chanzo cha Malale Kilivyotafutwa

Watu wengi walisikiapo neno "uvumbuzi" hudhani ya kuwa mtaalamu mmoja, mwenye akili kuliko wenzake, aliketi chumbani mwake akafikiri sana, hata akaiona kweli, kisha akatoka akaitangaza. Vitabu vya shule navyo, kwa kuwa nafasi yake ni ndogo, husimulia hivyo hivyo: fulani alivumbua kitu hiki mwaka fulani. Msomaji hupewa mwisho wa safari tu. Haambiwi habari za njia zilizopotezwa, wala za mito iliyovukwa mara mbili. Leo nataka kuwaeleza safari moja pamoja na mapotevu yake, kwa sababu safari hiyo ilipita katika nchi zetu wenyewe, na watu wetu ndio waliokuwa wakifa wakati njia ilipokuwa ikitafutwa. Ni habari ya ugonjwa wa malale.

Mwaka 1901, katika hospitali ya Mengo, Uganda, Daktari Albert Cook na ndugu yake waliona wagonjwa wa namna ambayo hawakuizoea. Mtu alianza kwa homa na maumivu ya kichwa. Tezi za shingo zikavimba. Kisha akawa mzito wa akili, akisinzia mchana na kukosa usingizi usiku, akikonda, hata mwisho hakuweza kuinua tonge kinywani. Waganda waliuita mongota, maana mgonjwa huinamisha kichwa kama asinziaye. Katika Busoga, na pwani za Buganda, na visiwa vya Ziwa Viktoria, vijiji vizima viliachwa vitupu. Yakadiriwa kwamba kabla tauni hii haijatulia, watu zaidi ya 200,000 walikufa. Nawaomba mkumbuke hesabu hiyo tuendeleapo, maana kila mwezi uliopotea katika kosa la mtaalamu ulikuwa na makaburi yake.

Serikali ya Uingereza ikaliomba shauri baraza la wataalamu liitwalo Royal Society la London, nalo likawatuma watu watatu: George Low, Cuthbert Christy, na kijana wa Kitaliani, Aldo Castellani. Walifika Entebbe mwezi wa Julai 1902. Hawakuja mikono mitupu. Walikuja na dhana. Mwalimu mkubwa wa magonjwa ya nchi za joto wakati ule, Patrick Manson, alifikiri ya kuwa malale huletwa na mnyoo mdogo sana aonekanaye katika damu, aitwaye filaria. Dhana hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwani wagonjwa kadha wa kadha wa malale walikuwa na mnyoo huo damuni.

Basi wakafanya jambo ambalo mimi naliona kuwa ni la sifa kuliko mengi yaliyofuata. Waliuliza: Je, mnyoo na malale hukaa pamoja kila mahali? Christy akazunguka nchi akipima damu za watu, kijiji kwa kijiji. Ikaonekana kwamba wako watu wengi wenye mnyoo huo katika nchi zisizojua malale. Na upande wa mashariki wa ziwa, katika nchi iliyoitwa Kavirondo, ambayo siku hizi ni Nyanza ya Kenya, malale yaliua watu ambao hawakuwa na mnyoo hata mmoja. Dhana ya mwalimu mkubwa ikafa pale pale. Wengine husema kwamba miezi ile ilipotea bure, wala mimi sikubali. Mtu atafutaye mbuzi wake akahakikisha kwamba hayumo bondeni, amepunguza mahali pa kutafuta.

Low akarudi Uingereza. Castellani akabaki Entebbe na darubini yake. Naye akaingia katika kosa la pili, ambalo lilikuwa la hila zaidi. Alipopasua maiti za waliokufa kwa malale, aliona katika sehemu za ubongo bakteria wa namna ya streptokoki. Hakuwaona kwa maiti mmoja au wawili, bali kwa wengi wao. Tena Wareno waliopelekwa kuchunguza ugonjwa huo huo katika Angola mwaka 1901 walikuwa wamekwisha kutangaza habari ya bakteria wafananao na hao. Mashahidi wawili, wa nchi mbili, wasemao neno moja! Castellani akaandika London kwamba chanzo kimepatikana.

Lakini fikirini. Mtu akikuta fisi penye mzoga wa ng'ombe, je, aweza kuapa kwamba fisi ndiye aliyemwua? Huenda ng'ombe alikufa kwa maradhi, na fisi amekuja kwa harufu. Mwili wa mgonjwa aliyelala miezi mingi hauna nguvu ya kuwafukuza maadui. Siku za mwisho bakteria wa kila namna huingia na kufanya makao. Aangaliaye maiti tu huwaona hao waliofika mwisho, asimwone yule aliyefungua mlango. Na wale mashahidi wawili, Mtaliani na Wareno, hawakuwa wawili kwa kweli, maana wote walichungulia katika dirisha moja. Kosa moja likifanywa na watu kumi kwa njia moja, halipungui kuwa kosa, ila hupata heshima, nalo huwa gumu zaidi kung'olewa.

Sasa sikilizeni jinsi lilivyong'olewa. Castellani alitaka kuwaonyesha wenye shaka kwamba streptokoki wake humo katika mgonjwa hata kabla hajafa. Kwa hiyo alianza kuchukua maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa walio hai kwa sindano, akayazungusha katika mashine ili vilivyomo vitue chini, akaitazama ile takataka ya chini katika darubini. Siku moja ya Novemba 1902 akaona kitu kikijisukasuka katikati ya chembe za damu. Hakikuwa bakteria. Kilikuwa kidudu chembamba kama samaki, chenye utando ubavuni na mkia kama mjeledi: tripanosoma.

Kidudu hicho hakikuwa kigeni kwa wataalamu. Mwaka 1901 katika Gambia, Daktari Forde alikuwa amekiona katika damu ya mwanamaji Mzungu mwenye homa, naye Dutton akakitambua na kukipa jina. Lakini hao walidhani kwamba kinaleta homa fulani tu, wala hawakukisia kwamba homa hiyo ndiyo mlango wa malale. Na Castellani je? Alikiona kidudu chenyewe katika mahali penyewe, lakini kwa muda hakukitia maanani sana, maana macho yake yalikuwa bado kwa streptokoki. Alikiona katika wagonjwa 5 kati ya 15, wala hakusema neno hadharani. Mwenye jibu la swali tayari huliona jibu jingine kama uchafu kiooni.

Mwezi wa Machi 1903 wakafika watu wengine, mkubwa wao David Bruce, askari na daktari. Huyu alikuwa amekaa katika nchi ya Wazulu miaka michache nyuma, akichunguza nagana, ugonjwa uuao ng'ombe na farasi. Akaonyesha kwamba huletwa na tripanosoma, na ya kuwa mchukuzi wake ni mbung'o. Castellani alipomweleza alichokiona, Bruce hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Wakapima tena wagonjwa wengi. Katika kila wagonjwa 10 wa malale, 7 hivi walionekana kuwa na kidudu hicho katika maji ya uti wa mgongo. Na watu wenye magonjwa mengine, waliopimwa kwa njia ile ile, hawakuwa nacho. Hao wa pili, wasio na malale, ndio uzito wa ushahidi wote. Kama Castellani angaliwapima watu wa namna hiyo mapema kwa ajili ya streptokoki wake, huenda asingalituma barua ile London.

Kisha ikabaki kazi ya kumjua mchukuzi. Bruce hakuwa na watu wa kutosha, akaomba msaada kwa machifu, kwa wamisioni na kwa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa. Watu wakakamata mainzi kila pembe ya nchi, wakayatuma Entebbe pamoja na habari za mahali yalipokamatwa na kama mahali hapo pana malale au hapana. Majina ya wakamataji hao hayakuandikwa vitabuni. Lakini ramani iliyochorwa kwa kazi yao ndiyo iliyosema wazi. Penye malale palikuwa na mbung'o wa majini. Penye mbung'o hao ndipo palipokuwa na malale, katika ukanda wa miti kando ya ziwa na mito. Wakawalisha mbung'o damu ya wagonjwa, wakawaweka juu ya nyani wazima; nyani wakaugua. Jambo likathibitika.

Mwafikiri kwamba walifurahi pamoja? Castellani na Bruce waligombania heshima ya uvumbuzi huo miaka mingi, hata magazetini, kila mmoja na rafiki zake. Mimi naona kwamba kila mmoja alikuwa na haki nusu: mmoja aliona asiyafahamu aliyoyaona, na mwingine alifahamu alichoonyeshwa.

Laiti ningaliweza kuikomesha hadithi hapa! Lakini Bruce naye, mtu yule aliyesahihisha makosa ya wenzake, alifanya lake. Katika majaribio yake aliona kwamba mbung'o aliyekunywa damu ya mgonjwa aliweza kuambukiza kwa muda wa saa 48 hivi, baada ya hapo hakuambukiza tena. Akahukumu kwamba inzi huyo huchukua vidudu mdomoni kama sindano chafu, na mdomo ukikauka hatari imekwisha. Hukumu hiyo ilileta matendo makubwa. Tangu mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu kutoka pwani ya ziwa, na baadaye kutoka visiwani. Watu wakaacha migomba yao, mitumbwi yao na makaburi ya wazee wao. Walitazamia kwamba mbung'o wakikosa wagonjwa wa kunyonya, watakuwa safi upesi, na wenyeji watarudi.

Kumbe sivyo. Upande wa kusini wa ziwa hilo, katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi wakati ule, ambayo sasa ni Tanzania, alikuwako Daktari Friedrich Kleine. Yeye alifanya kama Bruce, lakini hakuacha. Kila siku aliwahamisha mbung'o wake kwa mnyama mwingine mzima. Siku ya tatu, mnyama hakuugua; ya tano, hakuugua; ya kumi, vivyo hivyo. Mtafiti mwenye haraka angalisema kwamba jambo limekwisha, akafunga daftari. Kleine aliendelea, na karibu na siku ya ishirini wanyama wakaanza kuugua. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1909. Kidudu hakikuwa kimekufa katika inzi. Kilikuwa kikikua na kugeuka tumboni, kikisafiri mpaka kwenye mate, na tangu hapo inzi huyo huambukiza maisha yake yote. Tena ni mbung'o wachache tu wanaofikia hali hiyo, ndiyo maana mtu mwenye mainzi machache au siku chache haoni kitu.

Bruce alirudia jaribio hilo Uganda, akaona kwamba Kleine amesema kweli, akakubali waziwazi. Hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko ramani yake. Pia ikaonekana kwamba mbung'o wa pwani zile zilizohamwa walikuwa bado na sumu miaka miwili baada ya watu kuondoka, kwani wanyama wa porini nao waweza kukaa na kidudu damuni bila kuugua. Wenyeji waliongojea kurudi upesi wakangoja miaka.

Na dawa je? Hapo makosa yalikuwa machungu zaidi. Robert Koch, mtaalamu aliyeheshimiwa duniani kote, mwenye tuzo ya Nobel ya mwaka 1905, alifika visiwa vya Ssese mwaka 1906, akatibu kwa dawa yenye zarniki iitwayo atoksili. Vidudu vikatoweka katika tezi za wagonjwa kwa saa chache. Watu wakaja kwa mitumbwi kwa mamia. Lakini baada ya muda vidudu vilirudi. Koch akaongeza dawa maradufu. Ndipo wagonjwa zaidi ya 20 wakapofuka, wala hawakuona tena, kwani dawa ilikuwa imeharibu mshipa wa jicho. Dawa ikapunguzwa. Hakuna awezaye kusema kwamba Koch alikuwa mjinga au mzembe. Lakini jina kubwa ni hatari katika utafiti, kwa sababu walio chini huogopa kuuliza, na mwenye jina husahau kujiuliza.

Dawa hiyo hiyo ya atoksili ina habari nyingine ya ajabu. Paul Ehrlich, katika Ujerumani, alikuwa ameijaribu mapema juu ya tripanosoma ndani ya chupa. Haikuwaua, akaiweka kando. Mwaka 1905 Thomas na Breinl wa Liverpool wakaijaribu ndani ya wanyama walio hai, nayo ikaua vidudu. Kumbe dawa hiyo hugeuzwa na mwili kwanza ndipo ipate nguvu. Chupa haina mwili. Ehrlich akairudia kwa bidii, akagundua kwamba hata muundo wake, kama ulivyoelezwa tangu mwaka 1859, haukuwa sawa. Baada ya kuusahihisha, yeye na wenzake waliweza kutengeneza mamia ya dawa za jamaa yake. Moja yao, ya namba 606, ilipimwa ikaandikwa kuwa haifai. Mwaka 1909 akafika Mjapani, Sahachiro Hata, aliyejua kuwaambukiza sungura kaswende. Akaagizwa kuzipima tena zote, hata zile zilizokataliwa. Namba 606 ikaponya sungura. Kuanzia mwaka 1910 ikatumika kutibu kaswende kwa watu dunia nzima. Waliotafuta dawa ya malale walipata dawa ya ugonjwa mwingine.

Nyinyi wanafunzi, hapa nina neno kwenu. Katika vyuo vya ualimu twawaona vijana wakipima joto la maji au uzito wa vitu, na namba ikitofautiana na ya kitabu, huifuta upesi na kuandika ile ya kitabu. Mwalimu akisahihisha huona daftari safi. Kama daftari la Ehrlich lingalisafishwa namna hiyo, namba 606 isingaliandikwa, na Hata asingalikuwa na kitu cha kukirudia. Kosa lililoandikwa pamoja na njia iliyotumika laweza kusahihishwa na mtu mwingine baada ya miaka; lililofutwa hupotea, na mwingine atalirudia.

Miaka iliyofuata ilileta dawa nyingine. Mwaka 1949 ilipatikana melasoproli, yenye zarniki pia, ambayo iliweza kufikia vidudu vilivyokwisha kuingia ubongoni. Lakini katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa, watu 5 hivi waliuawa na dawa yenyewe, na madaktari waliendelea kuitumia kwa kukosa nyingine. Kisha ikaja efloronithini. Hiyo ilitengenezwa ili kutibu saratani, ikashindwa. Mwaka 1980 mtafiti Mmarekani, Cyrus Bacchi, aliona kwamba inaponya panya wenye tripanosoma, na mwaka 1990 ikaruhusiwa kwa watu. Ikawaamsha wagonjwa waliokuwa wamekatiwa tamaa. Hata hivyo watengenezaji wakaacha kuitengeneza kwa sababu wagonjwa wa malale hawana fedha. Ikarudi katika habari ilipotiwa katika mafuta ya kuzuia nywele kuota usoni mwa wanawake wa nchi tajiri. Kelele zikapigwa, na tangu mwaka 2001 ikatolewa bure kwa wagonjwa kupitia Shirika la Afya Duniani. Hili halikuwa kosa la darubini, ila kosa la mfuko. Nalo huchelewesha uponyaji vile vile.

Na ile ya mwisho, feksinidazoli, ilikuwa imetengenezwa Ujerumani zamani kidogo, ikaachwa kabatini katika miaka ya 1980. Tangu mwaka 2005 watafiti wa shirika lisilotafuta faida walipekua dawa zaidi ya 700 za jamaa moja, nyingi zikiwa zimesahauliwa, wakaikuta. Mwaka 2012 ilianza kujaribiwa katika Kongo kwa wagonjwa wengi, wengine wakipewa hiyo na wengine dawa ya zamani, ili zilinganishwe. Mwaka 2018 ikakubaliwa. Ni vidonge, humezwa pamoja na chakula siku 10, bila sindano wala maji ya mshipani. Mwaka 1998 watu karibu 40,000 waliandikwa kuwa na malale katika Afrika. Mwaka huo wa 2018 hawakufika 1,000, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na vikundi vya wapimaji waliokuwa wamekwenda kijiji kwa kijiji kupima damu na tezi, kama Christy alivyofanya, kabla hata vidonge havijaanza kutolewa. Vidonge hivyo vilijaribiwa baadaye katika Malawi na Uganda juu ya malale ya namna ya mashariki, yale yauayo upesi zaidi, na mwishoni mwa mwaka 2023 vikakubaliwa kwa ajili ya hayo pia.